Kasha la Hewa na Kabureta za Gari la Theluji

Leo twakusudia kueleza kazi ndogo ambayo watu wengi huidharau, nayo ni kulishikiza vema kasha la hewa katika kabureta za gari la theluji. Huenda mtu akauliza, "Yatuhusu nini mambo ya theluji?" Twamjibu kwamba wako ndugu zetu wasemao Kiswahili wanaokaa Kanada na upande wa kaskazini wa Marekani, ambako theluji hulala juu ya nchi kwa miezi mingi. Tena kila aliyepata kufungua kabureta ya pikipiki atayatambua haya tutakayosema, maana kanuni ni ile ile.

Gari la theluji halina magurudumu ya kukanyaga chini. Mbele lina vibao viwili vya kutelezea, na nyuma lina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini. Mtu mwenye sifa kubwa katika habari hii ni Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo alikufa, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga njia, wala hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitali. Mwaka 1937 Bombardier alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mkanda na gurudumu la meno liuzungushalo, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa gari dogo liitwalo Ski-Doo. Basi tukumbuke kwamba chombo hiki si cha mchezo tu. Kikizimika mbali na nyumba za watu, baridi huweza kumwua aliyekipanda.

Mengi ya magari mapya hutiliwa petroli kwa mpango wa umeme. Lakini ya zamani, ambayo yangali yakitumika, yana kabureta, aghalabu moja kwa kila silinda, na kasha la hewa limefungwa katika midomo ya kabureta hizo kwa shingo za mpira.

Kasha hili lina kazi tatu. Kwanza, hupunguza kelele za injini ivutapo pumzi. Pili, huzuia theluji. Ungaunga wa theluji ukiingia katika kabureta huyeyuka, kisha huganda tena na kukishika kile kizibo kipandacho na kushuka. Ndipo dereva aachapo kidole asione mwendo ukipungua. Tatu, nayo ndiyo kazi isiyojulikana sana, kasha huipima hewa. Injini ya petroli hutaka kadiri ya sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, na ikifanya kazi kwa nguvu zote hutaka petroli zaidi ya hapo. Kasha huizuia hewa kidogo, na waliotengeneza gari walichagua matundu ya petroli kwa kukihesabu kizuizi hicho.

Sasa shingo moja ikichomoka, silinda yake hupata hewa nyingi na petroli chache. Hatari yake ni kwamba dereva aweza asijue. Injini huenda ikaendelea kuvuma vizuri, hata ikaonekana kuwa nyepesi kuliko jana, huku ndani pistoni ikizidi kupata moto, mpaka ikavimba na kukwama katika silinda. Baridi nayo huongeza neno, kwa maana hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kuliko ile ya sifuri kwa kadiri ya sehemu 1 katika 8. Kwa hiyo kosa ambalo lingevumilika siku ya joto kidogo, siku ya baridi kali halivumiliki.

Tuseme basi namna ya kulifunga. Zima injini, uiache ipoe. Futa midomo ya kabureta kwa kitambaa safi, kisha zikague shingo za mpira, ukizikunja kwa vidole ili nyufa zijionyeshe. Iliyopasuka itupwe na kuwekwa mpya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira uliopoa sana huwa mgumu, wala hauingii sawasawa. Uache katika chumba chenye joto, au uuchovye katika maji ya moto, kisha uukaushe. Usitumie mwali wa moto kamwe, maana mvuke wa petroli u karibu.

Kabla ya kulirudisha kasha, hakikisha hamna kitambaa wala theluji ndani yake. Legeza bangili za chuma zinazobana shingo, uzigeuze ili vichwa vya skrubu vielekee mahali bisibisi itakapofika. Paka maji ya sabuni kidogo katika ukingo wa mpira. Lisukume kasha sawasawa, shingo zote pamoja. Ukimaliza kwanza upande mmoja, wa pili utakaa mshazari. Kisha zungusha kidole pande zote za kila mdomo, na mahali jicho lisipofika tumia kioo kidogo. Ukingo wa mpira sharti ukae katika mfuo wake pande zote, hasa chini, ambako kosa hujificha.

Ndipo ukaze bangili kwa kiasi, usije ukakata mpira. Ikiwa kasha lina springi au mikanda yake ya kulishika, irudishe yote. Livute kasha kwa mkono: kabureta zitikisike pamoja nalo, wala shingo isisogee. Tazama pia kwamba mirija midogo ya kabureta haikubanwa. Mwisho, vuta waya wa mwendo na kuuachilia. Vizibo vyote vishuke mara moja mpaka chini. Visiposhuka, usiwashe injini.

Ukiisha kuwasha, sikiliza. Mlio wa filimbi karibu na kabureta, au injini kukawia kutulia unapoachia mwendo, ni dalili kwamba hewa yapita pasipo njia. Baada ya safari fupi karibu na nyumbani, chomoa plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe yaonya kwamba petroli haitoshi. Plagi moja ikiwa nyeupe na mwenzake kahawia, rudi kuitazama kabureta ya silinda hiyo kabla ya kwenda mbali.

Kazi hii yote haimalizi saa moja, tena hutaka bisibisi, kitambaa na subira tu. Aifanyaye vema nyumbani hatalazimika kuifanya gizani, katikati ya theluji, kwa vidole vilivyokufa ganzi.