Skrini Mbili Ukutani: Tuanze na Ukuta Wenyewe



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vimefungua vyumba vidogo vya kompyuta, sokoni au karibu na kanisa. Watu huandikiwa barua humo, hujaziwa fomu za eCitizen, na mwezi wa Juni ukikaribia kwisha ni foleni ya ritani za KRA. Chumba chenyewe ni kidogo na meza ni moja. Ndipo wengine huuliza: je, inafaa tutundike skrini mbili ukutani, moja juu ya nyingine, ziwe za kuzungushwa?

Sisi tunasema inafaa. Lakini msikimbilie dukani. Hii ni mali ya wanachama, iliyonunuliwa kwa michango, na chini yake ataketi mtu.

Faida yake ni nini?

Mhudumu hufanya kazi kwenye skrini ya chini. Ile ya juu huelekezwa kwa mteja, naye anasoma jina lake na nambari ya kitambulisho kabla fomu haijatumwa. Tarakimu moja ikikosewa, mama wa watu atalipa nauli mara ya pili kuja kurekebisha. Na skrini ikisimamishwa wima, ukurasa mzima wa barua au wa daftari la hesabu unaonekana kwa mara moja.

Kabla ya lolote, tazameni kama kompyuta yenu ina matundu mawili ya kutoa picha. Kama ni moja tu, ulizeni fundi kwanza. Mjue pia kwamba ukizungusha skrini, mara nyingi picha haigeuki yenyewe. Inabidi uigeuze kwenye mipangilio ya kompyuta.

Sasa tuone mambo ya kuangalia, moja baada ya jingine.

1. Ukuta

Ukuta wa mawe, matofali au bloku nzito hushika vizuri, mkitumia boliti za chuma zinazopanuka ndani ya tundu. Boliti iingie ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye plasta peke yake wala kwenye kiungo cha simiti kinachobomoka. Bloku zenye uwazi katikati zinataka boliti za aina yake, kwa hiyo mwambieni muuzaji ukuta wenu ni wa aina gani.

Ukuta wa mbao au mabati: fungeni kwenye nguzo, au kwenye ubao mnene uliopigwa kutoka nguzo moja hadi nyingine. Bati haliwezi kubeba mzigo huo. Ukuta wa udongo msitundike kitu chochote kizito. Hapo nunueni mlingoti wa kubana kwenye ukingo wa meza, na meza yenyewe iwe imara.

2. Uzito na urefu wa mkono

Skrini bapa ya inchi 24, bila stendi yake, huwa na kilo 3 hadi 4 hivi. Mtu atasema, "Kilo nane tu kwa zote mbili, si mzigo." Kumbe mkono wa chuma ukivutwa mbele, mambo yanabadilika.

Tuseme kilo 8 ziko sentimita 50 kutoka ukutani, na boliti ya juu iko sentimita 10 kutoka ya chini. Zidisheni 8 kwa 50, mgawe kwa 10. Boliti ya juu inavutwa kama kwa kilo 40, na uzito wa chuma chenyewe bado hatujahesabu! Boliti zikiwa sentimita 20 kutoka moja hadi nyingine, zile 40 zinashuka kuwa 20. Kwa hiyo chagueni braketi yenye bamba refu la ukutani, na mkono usiwe mrefu kupita haja yenu.

Kwenye boksi la braketi huandikwa uzito inaoweza kubeba. Someni kama ni kwa kila skrini au kwa zote. Mikono inayopanda na kushuka kwa springi huwa pia na kiwango cha chini. Skrini nyepesi mno hupanda juu yenyewe, na nzito mno huteremka.

Zile skrini za zamani zenye mgongo mkubwa, hata kama mmepewa bure, zibaki mezani.

3. Matundu ya mgongoni

Geuzeni skrini muitazame nyuma. Zinazofaa huwa na matundu manne ya skurubu, yenye umbali wa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100. Kipimo hiki huitwa VESA. Skurubu zake kwa kawaida ni za M4, yaani unene wa milimita 4. Msitumie skurubu ndefu kuliko inavyotakiwa, maana zinaweza kutoboa vitu vya ndani. Skrini isiyo na matundu hayo isitobolewe kamwe.

4. Nafasi ya kuzungusha

Hapa ndipo wengi hukwama. Skrini ya inchi 24, pamoja na fremu yake, ina upana wa kama sentimita 54 na kimo cha 32. Ikizungushwa, kona zake hupita mbali kuliko pande zake. Mkitaka ile ya juu pekee izunguke bila kugusa ya chini, acheni kama sentimita 48 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Mkitaka zote ziweze kusimama wima, acheni 60. Kateni boksi mbili kwa vipimo vyenu, mzizungushe ukutani kwa mkono. Mtaona wenyewe.

5. Shingo na siri za watu

Ukingo wa juu wa skrini ya chini uwe sawa na macho ya aliyeketi, au chini kidogo. Ile ya juu iinamishwe mbele, na iwe ya kutazamwa mara moja moja. Anayekesha ameinua shingo ataumia.

Tena, skrini isielekee mlangoni. Nambari za kitambulisho na nywila za wateja si za kusomwa na foleni nzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu ninyi pia.

6. Nyaya

Acheni nyaya ndefu kidogo ili zisivutwe skrini inapogeuka. Na kabla ya kutoboa ukuta, hakikisheni hakuna waya wa stima unaopita ndani, kisha fundi atumie pima maji.

Siku ya kufunga, wekeni braketi peke yake kwanza. Ivuteni chini kwa mkono, kwa nguvu kuliko uzito wa skrini, mkono wa chuma ukiwa umenyooshwa wote. Ikicheza, iondoeni. Halafu kila mwezi mtu mmoja aliyechaguliwa akague boliti. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zetu. Skrini ikianguka mnaweza kuchanga tena mkanunua nyingine, lakini kichwa cha mtoto aliyekuja na mama yake hakinunuliwi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Ukuta wa chumba chetu ni wa nini, na nani ameukagua?
- Je, tunahitaji skrini mbili kweli, au moja ya kugeuzwa kwa mteja ingetosha?
- Nani atawajibika kukagua boliti kila mwezi na kuandika kwenye daftari?