Si Kila Asinziaye Darasani ni Mvivu

Nilipokuwa nikifundisha darasa la pili, alikuwapo mtoto mmoja niliyemhesabu miongoni mwa wavivu. Kutwa kinywa chake kilikuwa wazi, na kabla ya saa nne asubuhi kichwa kilikuwa kimelala juu ya dawati. Nilimkemea. Nilipomuuliza swali mara mbili asijibu, nilimwita mkaidi mbele ya wenzake.

Nyanya yake ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza kwamba mjukuu wake hukoroma usiku kama mtu mzima, pumzi ikakatika kwa kitambo, kisha akagutuka akitweta. Majirani walikuwa wamemshauri ampeleke kwa mganga akatwe kimio. Kwa bahati njema, alitangulia hospitalini.

Kimio hakikuwa na hatia. Nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, mna vinyama ambavyo madaktari huviita adenoidi. Kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi. Huwa vikubwa zaidi katika miaka ya utotoni, kisha husinyaa mtoto akaribiapo kubaleghe. Vikivimba kupita kiasi huziba pua, na usingizi wa mtoto ukawa wa mang'amung'amu. Aidha, huziba mrija uunganishao koo na sikio, majimaji yakakusanyika nyuma ya kiwambo. Kumbe mwanafunzi wangu hakuwa akinisikia!

Maarifa haya si mageni. Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, nchini Denmark, aliyaeleza mwaka 1868, naye alivikwangua vinyama hivyo kwa kisu chenye umbo la pete. Siku hizi mtoto hupewa dawa ya usingizi, na daktari akaviondoa kupitia kinywani pasipo kuchanja uso. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, ingawa mgonjwa huangaliwa sana baadaye asije akavuja damu. Si kila pua iliyoziba huhitaji kisu. Ya mzio, kwa mfano, huweza kutulizwa kwa dawa ya kupuliza. Lakini kukata kimio hakufungui pua, na wembe wa mganga huweza kumletea mtoto kuvuja damu na maambukizi.

Wenzangu walimu, sisi humwona mtoto saa nyingi za mchana kuliko mzazi wake. Ahemaye kwa kinywa na kusinzia kila siku, tumketishe mbele na kumwandikia mzazi ampeleke akapimwe pua na masikio.

Wangu alipasuliwa, akarejea. Juma lile lile alinyosha mkono kabla sijamaliza swali. Radhi sikumwomba, na hilo lingali linanisumbua.