Hija ya Mgonjwa: Sala na Dawa

Kila mwaka mwezi wa Juni ukikaribia, Wakristo wengi wa Tanzania hufunga safari kwenda Namugongo, karibu na Kampala, katika nchi ya Uganda. Wengine huenda kushukuru, wengine kutubu, na wengine huenda kwa kuwa wana maradhi. Hata huku kwetu Tunduma, mpakani mwa Zambia, ambako njia ya kufika huko ni ndefu sana, wagonjwa hutuuliza: "Mwalimu, nikienda kuhiji, je, niache dawa?" Swali hilo si dogo, maana katika jibu lake mna uhai au mauti. Basi leo twataka kulieleza.

Kwanza yafaa tupajue mahali penyewe. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakristo, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo kwa sababu walikataa kuiacha imani yao. Karoli Lwanga alichomwa peke yake, mbali na wenzake, na leo altare ya kanisa kubwa la Wakatoliki imesimama pale alipofia. Kanisa hilo limejengwa kwa mfano wa nyumba ya asili ya Waganda, nalo lina nguzo 22, kwa hesabu ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Hapo pana pia ziwa dogo, ambako mahujaji huteka maji na kuyachukua nyumbani.

Sasa tuone habari ya uponyaji. Mwaka 1941 masista wawili wamisionari huko Uganda walishikwa na tauni, ugonjwa unaoua upesi. Mashahidi hao waliombwa wawaombee, nao masista wakapona. Uponyaji huo ulichunguzwa, ukakubaliwa kuwa ni mwujiza, lakini mashahidi hawakutangazwa watakatifu mpaka ilipopita miaka 23.

Kadhalika huko Lourdes, katika nchi ya Ufaransa, ambako msichana Bernadette alisema alimwona Bikira Maria mwaka 1858. Tangu mwaka 1883 iko ofisi ya waganga wa hospitali wanaowapima watu wasemao ya kuwa wameponywa. Katika habari zaidi ya 7,000 zilizoletwa, Kanisa lilikuwa limekubali 72 tu hadi mwaka 2025. Waganga huuliza: Ugonjwa ulijulikana kwa hakika? Kupona kulikuwa kwa ghafla na kwa kudumu? Au ni dawa iliyoponya?

Haya yatufundisha nini? Kama Kanisa lenyewe humwita mganga aseme kama mtu amepona, mgonjwa naye asijihukumu peke yake. Mwenye kifua kikuu humeza dawa muda wa miezi sita kwa kawaida. Baada ya majuma machache huweza kujiona mzima, na akiwa safarini hudhani amekwisha kuponywa. Akiacha dawa, vijidudu vilivyobaki huzidi, na huenda dawa ile isiviweze tena. Naye mwenye virusi vya Ukimwi akiacha dawa zake, virusi huamka na kumshambulia upya.

Kwa hiyo mgonjwa atakaye kuhiji na aende kwanza hospitalini kuuliza kama mwili wake waweza safari. Achukue dawa za kutosha siku zote za kwenda na kurudi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana hutakiwa kuingia Uganda. Maji ya hija asiyanywe bila kuyachemsha. Kuyachemsha si kuyadharau. Akirudi, akiona amepata nafuu, amshukuru Mungu, kisha apimwe tena. Kama amepona kweli, kipimo hakitamwondolea baraka yake.

Ndugu, mkulima huomba mvua, wala haachi jembe nyumbani. Nasi tusali kwa moyo wote, na saa ya dawa ikifika, tumeze dawa.