Thelathini Kwenye Lami, Tatu Kwenye Theluji

Ukisimamisha gari kwa fundi pancha, swali lake ni neno moja: "Ngapi?" Nawe unajibu, "Weka thelathini," na hakuna anayeuliza thelathini ya nini. Ni pauni kwa kila inchi ya mraba, na Hilux isiyo na mzigo mkubwa inaridhika nayo. Sasa ichukue Hilux hiyohiyo uipeleke Iceland, mwezi Machi, ukingoni mwa barafu kuu ya Vatnajökull. Kabla ya kuigusa theluji laini, dereva anashuka, anapiga goti, anafungua valvu na kuacha upepo utoke mpaka geji isome tatu. Siku nyingine anashusha hadi mbili. Mtu wa kwetu akiliona tairi hilo, ubavu umekunjana na mpira umelala chini, atasema hilo lina pancha. Mwenyeji atasema sasa ndiyo liko tayari kwa safari.

Iceland ndiyo shule kuu ya kutengeneza magari ya theluji ya kina. Magari yao yanavutia kwa picha: matairi yanafika kiunoni, bodi imekatwakatwa, taa zimejaa juu ya paa. Anayeyatazama kwa mara ya kwanza hudhani siri iko kwenye injini kubwa. Injini mara nyingi ni ileile ya dizeli iliyotoka nayo kiwandani. Kila kilichokatwa, kilichochomelewa na kilichobadilishwa kimewekwa ili gari liweze kutembea na upepo kidogo kiasi hicho bila tairi kuchomoka wala kitu kuvunjika.

Unyayo wa ngamia

Mtazame punda na ngamia wakipita kwenye mchanga mlaini. Ngamia ni mzito mara mbili au zaidi, lakini punda ndiye anayetumbukia, kwa sababu kwato zake ni ndogo na ngumu, ilhali unyayo wa ngamia hutanuka kila anapokanyaga. Tairi linaweza kuwa kwato, na linaweza kuwa unyayo. Kinachoamua ni upepo.

Hesabu yake si ngumu. Gari hubebwa na hewa iliyomo kwenye matairi. Kwa kukadiria, tairi huikandamiza ardhi kwa nguvu ileile ambayo hewa ya ndani inaukandamiza mpira. Tuseme Hilux yetu, pamoja na watu, mafuta na mizigo, ina kilo 2,400, yaani kilo 600 kwa kila gurudumu. Kwenye pauni 30, ambazo ni kama kilo 2.1 kwa sentimita ya mraba, kila tairi hugusa chini kwa eneo la sentimita za mraba 285 hivi. Hiyo ni chini ya nusu ya karatasi ya A4. Shusha hadi pauni tatu, na hesabu inakupa eneo mara kumi, karatasi nne na nusu. Kwa kweli eneo huwa dogo kuliko hilo, maana mpira wenyewe una ugumu na hubeba sehemu ya uzito. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno.

Linganisha na mtu. Mwenye kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, soli ya buti lake ikiwa na sentimita za mraba 200, anaikandamiza theluji kwa gramu 350 kwa kila sentimita ya mraba. Gari la kilo 2,400, kwa hesabu yetu, linaikandamiza kwa gramu 210. Ndiyo maana hutokea gari likasimama vizuri juu ya theluji, dereva akafungua mlango, akashuka kwa kujiamini, akazama mpaka mapajani.

Upepo ukipungua, tairi hutanuka kidogo tu kwa upana. Linaloongezeka hasa ni urefu wa sehemu inayogusa chini, mpaka gurudumu linaanza kufanana na mnyororo wa katapila. Hilo lina faida kubwa: gari linapata unyayo mpana bila kuongeza sana ukuta wa theluji linaousukuma mbele. Tairi pana lililojazwa upepo hubaki na mzigo huo wa kusukuma, na bado huzama.

Theluji si tope

Dereva aliyezoea barabara zetu za masika ana kanuni yake: kwenye udongo mweusi, tairi jembamba lenye meno hukata tope likatafute ardhi ngumu chini. Kanuni hiyo ni sahihi pale ambapo chini kuna ardhi ngumu. Theluji ya majira yote ya baridi juu ya Vatnajökull ina kina cha mita kadhaa, na chini yake ni barafu ya mamia ya mita. Huko hakuna sakafu ya kutafuta. Ama unaelea, ama unazama.

Tena theluji yenyewe si kitu kimoja. Iliyoanguka usiku huu katika baridi kavu inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu kwa mita moja ya ujazo, maana sehemu kubwa yake ni hewa. Ikikaa majuma kadhaa hufika kilo 300. Iliyopigwa na upepo wa milimani hukaribia 400 na inaweza kubeba gari bila hata kuacha alama ya kina. Barafu kamili ina kilo 917. Isitoshe, chembe za theluji zikigandamizwa na kuachwa zitulie hushikana zenyewe. Njia uliyoisumbukia jioni, ukiliburuza gari mita kwa mita, asubuhi unaikuta imekuwa ngumu kama barabara.

Tabia hiyo humlipa mpole na kumwadhibu mwenye pupa. Gurudumu likizunguka bila gari kusogea, meno yake huchimba, na joto la msuguano huyeyusha tabaka jembamba ambalo huganda tena papo hapo likawa kioo. Sekunde chache za kukanyaga mafuta zinatosha kulilaza gari juu ya chasisi yake, magurudumu yananing'inia kwenye mashimo yenye sakafu ya barafu.

Kisu, moto na gia

Hilux huja na tairi lenye kimo cha inchi 30 au 31 hivi. Waiceland hulitoa na kuweka la inchi 38, lenye upana wa inchi 15 na nusu. Kwa gari zito kama Land Cruiser huenda hadi 44 na zaidi. Mwanzoni, miaka ya 1980, walitumia matairi ya Marekani yaliyotengenezwa kwa ajili ya tope, wakayachanja kwa kisu ili yashike barafu. Siku hizi yapo yaliyoundwa kwa kazi hiyo, kama Hakkapeliitta 44 la kampuni ya Nokian ya Finland, lililobuniwa pamoja na Arctic Trucks, karakana iliyoanza Iceland mwaka 1990. Sifa inayotafutwa ni ubavu mrefu na laini unaokubali kukunjika. Kwa hiyo rimu hubaki ndogo, mara nyingi ya inchi 15, ila pana sana. Rimu kubwa za kupendezesha gari mjini hazifai hapa, kwa kuwa zinaula ubavu wote.

Tairi hilo litakaa wapi? Wengi kwetu wangeliinua gari. Waiceland huinua kidogo, kisha hukata: bodi juu ya gurudumu inafyekwa, ukingo wa mlango unapunguzwa, na juu yake kunafungwa mbawa pana za plastiki ngumu. Gari lililoinuliwa sana hupinduka upesi kwenye miteremko ya pembeni. Wanaotumia matairi ya 44 mara nyingi husogeza hata ekseli ya nyuma ili tairi lipate nafasi na uzito ugawanyike sawa mbele na nyuma.

Baadaye zinafuata gia. Tairi likitoka inchi 31 hadi 38, kila mzunguko wake husafiri umbali mrefu zaidi kwa asilimia 22 au 23, na injini inajikuta ikivuta kama mtu aliyekabidhiwa jembe zito. Kama difu ilikuwa ya 4.1, inahitaji kuwa karibu 5 ili gari lirudi kwenye nguvu yake ya awali. Wengi huongeza na giaboksi ndogo ya pili nyuma ya ile ya kawaida, ili gari liweze kutambaa polepole kuliko mtu anayetembea huku injini ikizunguka bila kulalamika.

Difu nazo hufungwa loki, mbele na nyuma. Difu ya kawaida humpelekea nguvu mvivu: gurudumu moja likiteleza, ndilo linalozunguka, na lenye mshiko husimama. Gari la foo-wili lisilo na loki linaweza kukwama huku magurudumu mawili tu yakihangaika.

Pale tairi linaposhika rimu

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa karibu ni ukingo wa tairi. Kwenye pauni 30, hewa ndiyo inayoubana ukingo huo dhidi ya rimu. Kwenye pauni mbili, mkono uliokuwa ukibana umelegea. Gari likikata kona, au likivutwa upande, rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi au tairi likachomoka kabisa. Kwa hiyo mafundi huchomelea mzingo wa chuma ndani ya rimu kuzuia ukingo usirudi nyuma, wengine huukwaruza uso wa rimu uwe na meno, wengine huligundisha tairi kwa gundi, na wengine hufunga pete ya nje yenye boliti nyingi.

Likichomoka hata hivyo, uko mbali na karakana, kompresa yako ndogo haina kasi ya kulirudisha, kwa kuwa hewa inatoka kwenye mwanya upesi kuliko inavyoingia. Huko kuna mbinu maarufu ya kupuliza gesi inayowaka ndani ya tairi na kuitia kiberiti: mlipuko mmoja, na tairi limekaa. Picha zake hupendwa sana. Mimi nazitaja ili nikuonye, maana mlipuko huo haujui kipimo, na macho hayana spea.

Mwendo

Gari likishakuwa tayari, dereva ndiye anayebaki. Anaanza kwa gia ya pili ya mzigo, anaachia klachi taratibu, magurudumu yakiwa yamenyooka. Akitaka kusimama, anaacha gari liishie lenyewe, kwa sababu breki hujenga kidundo cha theluji mbele ya kila tairi, na kidundo hicho ndicho kitakachomzuia kuondoka. Anasimama kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Gari likianza kuchimba, anaacha mafuta mara moja, anarudi nyuma juu ya alama zake mwenyewe, kisha anajaribu tena na kusogea hatua chache zaidi. Likigoma, anapunguza upepo kabla ya kushika koleo.

Wala haendi peke yake. Nyanda za ndani za Iceland hazina miti, kwa hiyo winchi haina cha kukishika. Nanga yako ni gari la mwenzako. Huvutana kwa kamba nene ya nailoni inayonyumbuka, iliyofungwa kwenye ndoano imara za chasisi. Tufe la chuma la kuvutia trela halifungwi kamba kabisa: likikatika huruka kama risasi. Wakikwama na dhoruba ikashuka, kazi ya kwanza ni kufukua ekzosi. Moshi uliozibwa na theluji huingia ndani ya gari, na sumu yake haina harufu.

Matayarisho haya yote yana kazi. Wanachama wa chama cha utafiti wa barafu cha Iceland, kilichoundwa mwaka 1950, hupanda Vatnajökull kila majira ya kuchipua tangu 1953 kupima theluji na kuichunguza volkano ya Grímsvötn iliyo chini ya barafu. Zamani walitegemea magari ya minyororo. Siku hizi jeep za matairi makubwa hubeba sehemu kubwa ya safari. Vikosi vya uokoaji vya kujitolea vinazitumia pia. Sheria nayo imeweka mpaka: kuendesha nje ya barabara ni marufuku nchini humo, isipokuwa juu ya barafu kuu au pale ardhi inapokuwa imeganda na kufunikwa na theluji, kwa sababu jeraha la tairi kwenye ukoka wa kaskazini huchukua miaka mingi kupona. Tairi laini juu ya theluji nene haliujeruhi ukoka huo.

Wakirudi barabarani, msafara husimama tena, kompresa zinaanza kunguruma, na matairi yanainuka moja moja. Hakuna njia ya mkato: pauni tatu kwenye lami, kwa mwendo wa barabara kuu, huchemsha mpira mpaka ukapasuka.

Geji wanazotumia hazifanani na za kwetu. Nyingi za mafundi pancha haziaminiki chini ya kumi. Zao zimegawanywa kwa nusu pauni, kwani ukiwa kwenye tatu, nusu pauni ni sehemu ya sita ya upepo wote ulionao, na inaweza kuamua kama utaelea au utazama. Mgeni hushuka kupima akiwa ameshakwama. Mwenyeji huliona bonde la theluji laini kwa mbali, anasimama mita hamsini kabla, na kupiga goti kwenye valvu.