Somo la Afya: Kidonge Kitoacho Dawa Polepole

Shikeni karatasi zenu mfuate maneno tunapoyasoma. Leo tutajifunza herufi chache tu, lakini ni herufi ziwezazo kuokoa maisha ya mtu.

Tuanze na maji. Mvua ikinyesha katika milima ya Uluguru, maji huteremka mpaka Mto Ngerengere, nayo huzuiwa na Bwawa la Mindu. Mji wa Morogoro hupata maji ya bwawa hilo kidogo kidogo, hata siku za jua. Je, ukuta ukibomoka? Maji yote yatashuka mara moja na kuleta gharika. Kesho yake bwawa litakuwa tupu.

Vidonge vingi huyeyuka tumboni upesi, na dawa yake huisha mwilini upesi. Lakini viko vilivyotengenezwa kama bwawa. Ndani ya kidonge kimoja mna dawa ya saa 12 au 24. Namna zake ni hizi:

Ya kwanza, kidonge kikilowa huvimba na kuteleza kama mlenda, na dawa hupenya polepole.

Ya pili ni kapsuli yenye punje ndogo ndogo. Punje zimevikwa ngozi, nayo ngozi huizuia dawa isitoke yote kwa mara moja.

Ya tatu ina ganda gumu lenye tundu dogo sana. Maji huingia ndani na kuisukuma dawa nje kwa tundu hilo. Ukiona ganda tupu chooni usiogope. Dawa imekwisha toka.

Sasa tuseme bibi mmoja wa Mgeta anatumia nifedipini, dawa ya shinikizo la damu. Kidonge chake ni cha kutoa dawa polepole, naye hawezi kukimeza. Mjukuu wake anamhurumia, anakiponda na kukitia katika uji. Amebomoa ukuta wa bwawa! Dawa ya siku nzima huingia katika damu kwa mara moja. Presha yaweza kushuka ghafula, bibi akaanguka, au moyo na ubongo vikakosa damu ya kutosha. Kisha dawa huisha mapema, na presha hupanda tena.

Basi someni boksi la dawa. Tafuteni herufi SR, XR, ER, LA, CR au MR, au neno Retard. Msipoziona, ulizeni, kwa maana si kila boksi lina alama hizo.

Shikeni kanuni hizi:

1. Meza kidonge kizima kwa maji. Usikiponde wala usikitafune. Usikikate mpaka daktari au mfamasia akuruhusu.

2. Ukisahau kumeza, usimeze viwili pamoja ili kulipa deni.

3. Usibadili kidonge chenye herufi hizo kwa kisicho nazo, hata kama jina la dawa ni moja.

4. Ukishindwa kumeza, mwambie daktari. Huenda iko dawa ya namna nyingine.

Kama kidonge cha presha kimekwisha pondwa na kumezwa, mpelekeni mgonjwa hospitali upesi, pamoja na boksi lake. Msingoje aanguke.

Maswali ya darasani: Kidonge hiki kinafanana na bwawa kwa nini? Nani nyumbani kwako hawezi kusoma boksi la dawa yake? Msomee leo jioni.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.