Volkswagen Kuukuu Ikigongwa Nyuma

Wako watu wadhanio kwamba motokaa ikigongwa nyuma ni afadhali kuliko kugongwa mbele, kwa sababu mashine iko mbele, na nyuma hamna ila buti na mizigo. Kwa motokaa nyingi dhana hiyo ina ukweli wake. Lakini kwa Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo ambayo Wajerumani waliibandika jina la Käfer, yaani dundu, mambo ni kinyume. Mizigo na tangi la petroli vimewekwa mbele; mashine imewekwa nyuma kabisa, kupita magurudumu, na kati yake na bampa hamna ila bati jembamba na sanduku la ekzosi. Dereva wa basi dogo akichelewa kukanyaga breki, akigongacho si buti, bali ni moyo wenyewe wa motokaa.

Volkswagen hizi si wageni kwetu Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na mwaka uliofuata Vic Preston aliyashinda kwa Volkswagen. Zikashinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad. Barabara za siku zile zilikuwa vumbi na tope, na motokaa isiyo na rejeta ilikuwa na faida yake, kwani ipozwayo kwa upepo haichemshi maji njiani. Ujerumani iliacha kuunda dundu mwaka 1978, Afrika ya Kusini mwaka 1979, na ya mwisho duniani ilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003, idadi yake yote ikiwa imekwisha kupita milioni 21. Kwa hiyo iliyoko barabarani leo ikifa, haizaliwi nyingine.

Twaijua moja hapa Dar es Salaam, ya mwaka 1965, mali ya mzee aliyestaafu kazi ya bandarini. Aliinunua kwa akiba ya mshahara, akawapeleka wanawe shule kwayo, na mpaka juzi ilikuwa ikimpeleka sokoni na msikitini. Ilisimama penye taa nyekundu, ikagongwa. Mkadiriaji wa kampuni ya bima akaizunguka kwa dakika chache, akaandika kwamba gharama ya kuitengeneza imezidi thamani yake, basi ihesabiwe kuwa hasara kamili, mzee apewe fedha kidogo na bati liende kwa wauza vyuma chakavu. Mzee alikataa kutia saini. Sisi twaona alifanya sawa.

Hatusemi mkadiriaji alivunja sheria. Bima imejengwa juu ya kanuni moja: kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya ajali, asipungukiwe wala asitajirike. Taabu ni namna ya kuipima ile thamani. Ukiihesabu motokaa ya mwaka 1965 kwa kuipunguza thamani kila mwaka, utafika kwenye sufuri kabla ya mjukuu wa mwenyewe kuzaliwa. Lakini sokoni mambo si hivyo. Volkswagen iliyotunzwa huzidi kupanda bei kadiri wenzake wanavyotoweka. Ndiyo maana mwenye motokaa ya namna hii yampasa, kabla ya ajali yo yote, kuandikiana na kampuni thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili, na kuweka picha na risiti zake mahali pasipoingia mchwa. Aliyekwisha kugongwa bila ya maandishi hayo bado hajafungiwa mlango. Achukue ripoti ya polisi wa usalama barabarani, atafute mkadiriaji wa upande wake, na wasipoelewana, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya kusikiliza madai kama hayo. Wafanya kazi wengi hawajui kama ofisi hiyo ipo, na wasiojua hutia saini upesi.

Sasa tuingie gereji, maana huko ndiko kwenye shauri lenyewe.

Jambo la kwanza fundi mwema afanyalo si kushika nyundo. Hushika kamba, timazi na chaki. Volkswagen hii ina sakafu ya chuma yenye uti katikati, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Huko nyuma ule uti hugawanyika pembe mbili kama panda ya manati, na ndani ya panda hiyo hukaa giaboksi. Fundi huteremsha timazi kutoka sehemu zilizo imara chini ya gari, huweka alama sakafuni, kisha hupima kwa kukingamisha, kulia nyuma hadi kushoto mbele, na kushoto nyuma hadi kulia mbele. Vipimo viwili vikilingana, moyo utulie. Vikipishana, pembe zimepinda, na rangi nzuri yote ya duniani haitaifanya motokaa hiyo iende sawa. Itakula matairi na kuvuta upande mmoja kila breki ikishikwa.

Halafu mashine hushushwa. Hili ni jepesi kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu, na mafundi wawili waliozoea huitoa kabla chai haijapoa. Puli iliyo mwisho wa krenki ndiyo hupokea pigo likitoka nyuma. Krenki husukumwa mbele, na beringi iliyo karibu na gurudumu la klachi hubeba nguvu ambayo haikuumbiwa. Kipimo cha kiwandani cha mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma ni kati ya milimita 0.07 na 0.13, unene wa karatasi moja hivi. Ukizidi sana, mashine itawaka na kunguruma vizuri siku ya kukabidhiwa, kisha itakufa njiani baada ya miezi michache, na mwenyewe atasema ni uzee.

Tusilipite hili la mabati. Mashine imevikwa vipande vya bati pande zote, na ukingoni mwake mna utepe wa mpira. Wako mafundi wanaovitupa vilivyokunjika, wakidai ni mapambo. Si mapambo hata kidogo. Kazi yake ni kutenga upepo baridi wa juu na hewa ya moto ya chini. Vikikosekana, feni huvuta joto lake yenyewe, na mashine hujichoma. Tena hewa ya kupashia moto chumba cha abiria hupita katika masanduku yaliyozunguka mabomba ya ekzosi. Masanduku hayo yakipasuka katika ajali, moshi wenye sumu, usioonekana wala kunukia, waweza kuingia walipo watoto. Na ule mpira mfupi wa petroli karibu na kabureta ubadilishwe hata kama unaonekana mzima, kwani moto mwingi wa Volkswagen umeanzia hapo.

Ndipo nyundo huja. Madigadi hazina shida. Zimefungwa kwa bolti, na mbovu huondolewa ikawekwa nyingine. Kazi ngumu ni bati la chini ya mlango wa mashine, ambalo limechomelewa kwenye bodi. Fundi hodari hulivuta kwa kufuata njia ile ile pigo lililopitia, akirudi kinyumenyume, kilichokunjika mwisho kikikunjuliwa kwanza. Mahali bati liliponyumbuka kupita kiasi hulichoma kidogo kwa gesi, akalipoza kwa kitambaa chenye maji, nalo likajikaza. Fundi wa haraka hupiga matundu, akajaza puti unene wa kidole, akapaka rangi siku ile ile. Mwenye mali achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa laini, aipitishe juu ya bati. Isiposhika, chini yake hamna chuma.

Hapa twataka kuwaambia wenye motokaa neno ambalo huenda wasilipende. Mtu yule yule anayelilia thamani ya Volkswagen yake mbele ya kampuni ya bima, akifika gereji hugeuka kuwa mkadiriaji mkali kuliko wote. Huomba apunguziwe, huomba kesho, na fundi akimwonyesha pembe iliyopinda humwuliza kama haiwezi kuvumilia. Kunyoosha bodi ya namna hii ni kazi ya majuma, wala si ya siku. Vijana walioijua wanapungua, kwa kuwa wazee walioijua hawakulipwa kiasi cha kumshawishi mwana arithi nyundo ya babake.

Viti vya Volkswagen za miaka ile havina mahali pa kuegemeza kichwa. Aliyekuwamo wakati wa kugongwa aende hospitali hata kama anatembea, maana maumivu ya shingo hupenda kuja asubuhi ya pili.

Yule mzee wa bandarini alipata mkadiriaji wa pili, na kampuni ikaongeza malipo, ingawa si yote aliyodai. Motokaa yake imo gereji hivi sasa. Pembe ya kushoto ilikuwa imepinda kiasi cha upana wa kidole gumba. Imekwisha nyoshwa na kupimwa mara tatu. Krenki imeonekana iko salama. Bati la nyuma bado ni chuma kitupu, kwa kuwa fundi amekataa kupaka rangi mpaka motokaa itembee kilomita mia tano, bolti zikazwe upya, na kamba ipitishwe tena chini yake.