Kamera Mpya ya Kikundi: Sura Zionekane

Mkianza kutumia kamera ya dijitali aina ya SLR hapa Kabiro, mtashangaa mbona sura zinatoka giza tupu. Kamera si mbovu. Mabati yanayong'aa nyuma huidanganya kwamba mwanga umezidi, nayo inaupunguza. Shikilia kitufe chenye alama +/-, zungusha gurudumu hadi +1, piga tena. Picha ambayo mweka hazina hatambulikani haifai kwa ripoti! Ndani ya nyumba, mketishe mtu akitazama mlangoni, ISO iwe 1600. Lenzi isifunguliwe barabarani, vumbi litaingia. Tena mtoto asipigwe picha kabla mzazi hajakubali. Ndivyo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inavyotaka.